Kurahisisha Si Kufupisha: Mwongozo wa Kumwandalia Maandishi Msomaji Mwenye Usonji

Mtu mwenye usonji anaweza kukusomea tangazo la shule tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama kwenye neno hata moja, kisha ukimuuliza kesho anatakiwa kufanya nini, asijue. Wengi wakiona hivyo hudhani ni uvivu au ukaidi. Sivyo. Kutamka maneno ni kazi moja, kupata maana ni kazi nyingine, na kwa baadhi ya watu wenye usonji ile ya kwanza huitangulia ya pili kwa mbali. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Norman na Margaret Silberberg, waliipa hali hiyo jina la haipaleksia.

Kwa hiyo kabla hujapakua programu yoyote, elewa kwanza unapambana na nini. Herufi mara nyingi hazina kosa. Kinachomkwamisha msomaji ni yale ambayo mwandishi hakuyaandika, akiamini kila mtu atayajua mwenyewe. Ndiyo maana maandishi yaliyorahisishwa vizuri kwa msomaji wa aina hii mara nyingi hutoka marefu kuliko ya mwanzo. Shika hilo, kwa sababu programu nyingi za siku hizi ukiziambia "rahisisha" zitakimbilia kufupisha.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, muuguzi, karani au ndugu wa mtu mwenye usonji. Sehemu moja ni ya msomaji mwenyewe. Vifaa: simu ya kawaida, bando kidogo, kalamu na karatasi.

Kwanza, tafuta anapokwama

Watu wenye usonji hawafanani. Yuko anayemaliza kitabu cha fizikia kwa siku mbili lakini akachanganywa na ujumbe wa WhatsApp wa mistari miwili. Yuko pia asiyesoma maneno kabisa, anayeelewa picha. Ukimpa wa kwanza zana za wa pili umemdharau, na ukigeuza umemtupa wa pili. Pima hivi:

1. Chukua maandishi halisi anayoyahitaji wiki hii: kadi ya kliniki, ratiba ya mtihani, fomu ya benki. Usichukue hadithi ya kitabu cha kiada.
2. Mwache asome anavyopenda, kimya au kwa sauti. Usimlazimishe akutazame.
3. Uliza maswali manne: Nani anahusika? Afanye nini? Lini? Ikishindikana, afanyeje?
4. Weka alama kwenye mstari ambao jibu lilipaswa kutoka, na halikutoka.

Usimuulize "Umeelewa?" Wengi watajibu "ndiyo" ili mazungumzo yaishe.

Alama zako zitaangukia sehemu chache zinazojirudia.

*Nani ni nani.* Hapa Kiswahili kina mtego wake. "Juma alimwambia Ali kwamba amefeli." Aliyefeli ni yupi? Kiambishi "a" kinaweza kumshika yeyote kati yao, na kwa kuwa hakitofautishi mwanamke na mwanamume, hata ungeandika Asha badala ya Ali kusingekuwa na nafuu. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada, O'Connor na Klein, walijaribu mbinu tatu kwa vijana wenye usonji: maswali kabla ya kusoma, kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na kumsaidia msomaji atambue kila kiwakilishi kinamrejelea nani. Iliyosaidia zaidi ni hiyo ya tatu. Kwa hiyo kama una dakika tano tu za kurekebisha maandishi, zitumie kurudisha majina.

*Maana iliyofichwa.* Nahau, kejeli, tafsida. Hospitali ikiandika "Mgonjwa afunge kuanzia saa sita usiku", msomaji anayechukua maneno yalivyo ana haki ya kuuliza: afunge nini, mlango? Andika: "Usile chakula chochote na usinywe chochote, hata maji, kuanzia saa sita usiku", ikiwa hivyo ndivyo daktari alivyokusudia. Muulize kwanza.

*Saa.* Barua inasema saa mbili asubuhi, simu inaonyesha 8:00. Andika zote mbili kila mara: saa 2 asubuhi (kwenye simu: 8:00).

*Maswali yenye adabu.* Karatasi ya mtihani inauliza: "Je, unaweza kutaja mikoa mitatu ya Tanzania?" Mtoto anaandika: "Ndiyo." Jibu ni sahihi kabisa, aliyekosea ni mtunga swali. Andika "Taja mikoa mitatu."

*Mwonekano.* Ukurasa wenye matangazo yanayochezacheza, rangi kali, safu tatu na herufi za mapambo humchosha msomaji kabla hajafika kwenye habari yenyewe. Hili ndilo jepesi kuliko yote kulitatua, basi tuanze nalo.

Zana za kutuliza ukurasa

Firefox, Safari na Edge zina hali ya kusoma: ukiibonyeza, matangazo na vitufe vya pembeni vinaondoka, yanabaki maandishi na kichwa chake. Kwenye simu ya Android unaweza pia kupakua programu ya Google iitwayo Reading mode. Iliyokamilika zaidi, kwa maoni yangu, ni Immersive Reader ya Microsoft, iliyomo ndani ya Edge, Word na OneNote. Inapanua nafasi kati ya herufi, inabadili rangi ya usuli, na inaweza kuonyesha mstari mmoja, mitatu au mitano tu kwa wakati, mingine ikafifia. Kwa msomaji ambaye macho yake hurukaruka ukurasani, huo mstari mmoja ni msaada mkubwa. Ina pia kamusi ya picha; ijaribu mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kuitegemea.

Kwa sauti, fuata hatua hizi:

1. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye zana za ufikivu, tafuta sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi.
2. Chagua Kiswahili kama lugha ya sauti. Ikihitaji kupakuliwa, pakua ukiwa na intaneti.
3. Punguza kasi kidogo. Sikiliza mwenyewe aya moja kwanza.
4. Mpe msomaji simu achague sauti na kasi yake.

Hatua ya pili ndiyo watu wanayoiruka, kisha sauti ya Kiingereza inamsomea mtu Kiswahili na kumwachia mafumbo mapya. Kwenye kompyuta, Edge ina sauti za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi, zinahitaji intaneti.

TAHADHARI: Wapo wasiostahimili sauti na maandishi yanayosogea kwa pamoja. Akizima sauti, mwache.

Ukiandika mwenyewe, fuata miongozo ambayo shirika la Inclusion Europe liliitoa mwaka 2009 kwa maandishi rahisi kusomeka: herufi zisizo na vikia kama Arial, ukubwa usiopungua 14, mistari ianzie kushoto na isinyooshwe kulia, neno lisikatwe mwishoni mwa mstari. Usinunue fonti maalumu zinazotangazwa kwa bei. Arial ipo tayari.

Picha: chache, na za mahali penyewe

Hazina kubwa ya picha za alama inayopatikana bure ni ARASAAC, inayotunzwa na serikali ya jimbo la Aragón, Uhispania. Piktogramu zake zimechorwa na Sergio Palao. Unaruhusiwa kuzitumia bila malipo mradi usifanye biashara nazo na utaje zilikotoka. Weka picha moja kwa wazo moja, karibu na sentensi yake.

Hata hivyo, kama maandishi yanahusu mahali ambapo msomaji atakwenda, picha iliyopigwa kwa simu yako inashinda piktogramu. Lango lenyewe la kliniki, dirisha lenyewe la kulipia, kiti atakachokaa. Maua ya pembeni na vikatuni vya kupamba viondoe. Na kwa mtu mzima anayesoma vizuri, picha kwenye kila mstari ni kero.

Kutumia akili mnemba bila kudanganywa nayo

Kati ya 2011 na 2014 mradi wa FIRST, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulitengeneza zana iitwayo Open Book kwa ajili ya wasomaji wenye usonji. Ilifanya kazi kwa Kiingereza, Kihispania na Kibulgaria: ilitafuta sentensi ndefu, maneno magumu, nahau na viwakilishi vyenye utata, ikasaidia kuvirekebisha. Watunzaji wa wasomaji waliweza kuyapitia na kuyahariri matokeo. Kiswahili hakikuwemo. Leo programu kama ChatGPT na Gemini zinaandika Kiswahili na zinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini yule mtunzaji wa kupitia bado anahitajika, na mtunzaji huyo sasa ni wewe.

Nakili maelekezo haya, yabandike kwenye programu, kisha weka maandishi yako chini yake.

KISANDUKU: MAELEKEZO YA KUBANDIKA
"Andika upya maandishi haya kwa msomaji mtu mzima mwenye usonji. Usifupishe. Usiondoe tarehe, namba, kiasi, jina wala katazo lolote. Kila sentensi iwe na jambo moja. Taja jina la mhusika kila palipo na utata wa nani anatajwa. Badilisha nahau, methali na tafsida kwa maneno ya moja kwa moja. Panga hatua kwa mpangilio wa kutendeka. Usibuni jambo ambalo halimo. Palipo na pengo, andika: HAIJASEMWA."

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote. Bila huo, mashine itaziba mapengo kwa kubuni, tena kwa ufasaha wa kukuridhisha. Ukiwa nao, inakurudishia orodha ya mambo ambayo mwandishi wa kwanza alisahau kuyasema, nawe unapiga simu kuyauliza.

Tazama mfano. Tangazo la asili:

"Wazazi mnakumbushwa kuwa ziara ya Bagamoyo ipo palepale Ijumaa hii. Wanafunzi wafike mapema na vifaa vyote, basi halitamsubiri mtu. Atakayeumwa njiani atoe taarifa."

Ukiiambia mashine "rahisisha" tu, utapata kitu kama: "Ziara ya Bagamoyo ni Ijumaa. Fika mapema na vifaa." Kifupi, na kibaya zaidi. Mapema ni saa ngapi? Vifaa gani? Hata hilo "ipo palepale" lilihitaji kufafanuliwa, lakini limefutwa badala ya kufafanuliwa, na msomaji aliyesikia uvumi kwamba safari imeahirishwa hana jibu.

Toleo zuri, baada ya kuuliza shuleni:

Ziara ya Bagamoyo
Ijumaa, tarehe 12 Juni. Siku ya ziara haijabadilika.
1. Fika kwenye lango la shule saa 12 asubuhi (kwenye simu: 6:00).
2. Leta daftari, kalamu, maji ya kunywa na chakula cha mchana.
3. Basi litaondoka saa 12 na nusu asubuhi (kwenye simu: 6:30). Ukifika baada ya hapo, basi litakuwa limeondoka. Nenda ofisi ya mwalimu mkuu.
4. Ndani ya basi kutakuwa na kelele. Unaruhusiwa kuvaa hedifoni.
5. Ukiumwa ndani ya basi, mwambie Mwalimu Neema. Mwalimu Neema atakaa kiti cha mbele.
6. Tumepanga kurudi shuleni saa 11 jioni (kwenye simu: 17:00). Foleni ya magari inaweza kutuchelewesha. Tukichelewa, Mwalimu Neema atawapigia simu wazazi.

Angalia hatua ya sita. Haikuahidi kwamba saa 11 watakuwa wamerudi. Kwa msomaji anayeshika neno, ahadi iliyovunjika kwa dakika ishirini inaweza kuharibu siku nzima iliyokuwa njema. Lakini "labda" peke yake nayo haisaidii, inamwacha hewani. Sema kilichopangwa, sema kinachoweza kukivuruga, kisha sema kitakachofanyika kikivurugika.

Kukagua kazi ya mashine

Ukanushi wa Kiswahili hukaa ndani ya silabi moja. "Ale" na "asile" zimeachana kwa herufi mbili, na moja inaweza kumpeleka mtu chumba cha upasuaji akiwa ameshiba. Usikague kwa jicho la haraka.

1. Chukua maandishi ya asili. Zungushia kalamu kila tarehe, namba, kipimo, na kila "si", "usi", "asi", "ha", "isipokuwa", "kabla" na "baada".
2. Kitafute kila kimoja kwenye toleo jipya. Kisichoonekana, kirudishe.
3. Mpe mtu mwingine asiyeona toleo la asili asome lile jipya, kisha umuulize yale maswali manne.
4. Mpe msomaji mwenyewe. Anachokiuliza ndicho utakachoandika kwenye toleo la pili.

ONYO: Dozi ya dawa, mkataba, hati ya mahakama na fomu ya mkopo usivimalizie kwenye simu. Tumia mashine kupata rasimu, kisha mfamasia, mwanasheria au ofisa husika aithibitishe. Toleo la asili liambatane nalo daima.

ONYO: Usibandike jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho wala taarifa za ugonjwa kwenye programu hizi. Andika "Mgonjwa" au "Mwanafunzi", jina utalirudisha mwishoni kwa mkono. Taarifa za afya zinalindwa na sheria: ya Kenya ni ya mwaka 2019 na ya Tanzania ni ya mwaka 2022.

Kuna pia kasoro nyingine ambayo sheria haiwezi kukusaidia: Kiswahili cha mashine mara nyingi kimevaa mifupa ya Kiingereza. "Mkutano utachukua nafasi Jumanne." Nafasi ya nani? Wewe na mimi tunapita bila kujali. Msomaji wetu anasimama hapo hapo, na yuko sahihi kusimama. Soma kila sentensi kwa sauti. Usiyoweza kumwambia jirani yako kwa mdomo, iandike upya.

Methali usizifukuze zote

Baadhi ya miongozo hushauri kuondoa kila fumbo. Siafiki kwa ujumla hivyo. Kwa maandishi ya kutenda, kama kadi ya dawa, nauli, fomu au ratiba, ondoa kabisa. Lakini mwanafunzi atakutana na methali kwenye mtihani wa fasihi, na mtu mzima wa Mombasa au Mwanza atakutana na mafumbo sokoni na ndani ya matatu au daladala. Ukimfichia lugha hiyo umempunguzia ulimwengu.

Fungueni kamusi yake binafsi kwenye daftari au programu ya maandishi ya simu. Safu ya kwanza, usemi kama ulivyosikika: "ana mkono wa birika". Safu ya pili, maana: hapendi kutoa pesa au vitu vyake. Safu ya tatu ndiyo watu huisahau: nani alisema, kwa nani, na kama ni sawa kumwambia mtu usoni. Wengine hupenda sana kazi hii, na baada ya muda kamusi yao inawashinda walimu.

Kama wewe mwenyewe una usonji

Weka mipangilio ya ukurasa unayoipenda na usiibadili kwa sababu mtu mwingine anaona haipendezi. Ujumbe ukikuchanganya, uweke kwenye programu na uulize: "Sentensi hii inaweza kuwa na maana zipi? Kwa kila maana, niulize nini ili nijue?" Usiichukulie programu kama hakimu wa nia ya mtu, haimjui aliyeandika.

Unaweza kuhifadhi ujumbe huu na kuutuma kwa ofisi, shule au kliniki:

"Naomba maelezo kwa maandishi. Naomba kujua: lini, wapi, nitakutana na nani, nilete nini, na nifanye nini ikiwa nitachelewa au utaratibu utabadilika. Asante."

Huombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazungumzia haki ya kupata taarifa kwa namna inayofikika.

Makosa yanayojirudia

Kubwa kuliko yote ni kumwandikia mtu mzima kama mtoto. Sentensi fupi si sentensi ya kitoto. "Lipa shilingi 2,000 dirisha namba 3" inamfaa hata profesa. Achana na "rafiki yetu mpendwa" na vikaragosi vya kucheka.

La pili ni kubadilisha sura ya maandishi kila mara. Ukianza na kichwa, tarehe, kisha hatua zenye namba, endelea hivyo hivyo mwaka mzima.

Mengine: kuandika aya nzima kwa herufi kubwa, kuliita jambo moja kwa majina matatu, leo kliniki, kesho zahanati, keshokutwa hospitali, na kurahisisha kisichohitaji kurahisishwa.

Kabla hujakabidhi, weka alama ya vema

☐ Kila tendo lina mtendaji anayejulikana.
☐ Saa zimeandikwa kwa namna zote mbili.
☐ Hakuna "vifaa vyote", "mapema" wala "kama kawaida".
☐ Makatazo yote ya asili yamo.
☐ Kila HAIJASEMWA imejibiwa na binadamu anayejua.
☐ Kinachoweza kubadilika kimetajwa, pamoja na kitakachofuata.
☐ Picha zilizobaki zina kazi.
☐ Msomaji mwenyewe amelisoma toleo jipya na amejibu yale maswali manne.
☐ Tarehe ya toleo imeandikwa juu, na toleo la asili limebanwa nyuma yake.